Kampuni ya bima imekataa kulipa ikisema marehemu alidanganya kwenye fomu? Pinga hivi

Barua ya kukataa madai ya bima ya maisha huwa fupi. Poleni kwa msiba, tumepitia madai yenu, tumebaini marehemu hakueleza kwamba ana presha (au kisukari, au anavuta sigara), kwa hiyo bima tunaifuta tangu mwanzo na hakuna malipo. Basi. Wengi wakishaisoma hiyo wanaangaliana wanasema ndo imetoka hiyo, mzee alificha, tutafanyaje sasa. Na kampuni inajua kabisa kwamba wengi wataishia hapo.

Ila hiyo barua ni madai yao tu, hakuna jaji aliyeisaini. Wao ndo wanasema kuna uongo, kwa hiyo kazi ya kuuthibitisha ni ya kwao, na kuuthibitisha hakuishii kwenye kuonyesha kwamba fomu imeandikwa "hapana" na faili la hospitali linasema "ndiyo". Swali lenyewe liliulizwaje? Marehemu alikuwa anajua nini siku anasaini? Nani aliyeshika kalamu? Na kama wangeambiwa ukweli, wangefanya nini tofauti? Mara nyingi likikwama moja tu kati ya hayo, kesi yao inaanza kuyumba, na ndo maana kazi yako yote ni kulitafuta lile linalokwama.

Omba faili zima kabla hujasema chochote

Watu wengi wanajiharibia hapa. Mtu anapiga simu kwa hasira, anaanza "ni kweli presha alikuwa nayo kidogo lakini dawa alikuwa anakunywa...", simu inarekodiwa, ashawapa kile walichokuwa wanakitafuta. Usieleze kitu kwa simu. Andika barua au imeili, na ya kwanza isibishane, iombe tu, kitu kama hivi:

"Mimi ni mnufaika wa bima namba fulani. Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani ya kukataa madai. Sikubaliani na uamuzi huo na nitaupinga. Naomba nakala ya mkataba mzima na viambatisho vyake, fomu ya maombi yenye sahihi kurasa zote, ripoti ya ajenti na ya daktari aliyempima kama alipimwa, rekodi ya simu kama maombi yalijazwa kwa simu, rekodi zote za matibabu mlizozitegemea, mwongozo wa andaraita uliokuwa unatumika siku bima inakatwa, na kipengele cha mkataba na cha sheria mnachotumia kuifuta. Naomba pia mtaje kwa maandishi ni jibu lipi, la swali namba ngapi, mnalosema ni la uongo."

Sentensi ya mwisho ndo yenye meno. Barua nyingi za kukataa zinaandikwa kijumla, "hakufichua historia yake ya afya", kwa sababu ya jumla ni ngumu kuipinga. Ukiwabana wataje swali, wamejifunga, kesho hawahamii lingine kirahisi. Huyo andaraita ni yule mtu wa ofisini anayeamua mtu akatiwe bima au akataliwe na kwa bei gani, na mwongozo wake ni kitabu kinachosema mwenye presha ya kiwango fulani aongezewe bei kiasi gani. Huwa hawapendi kuutoa. Omba hivyo hivyo, hata wakikataa, kukataa kwenyewe kutakufaa mbele ya msuluhishi, yule mtu wa kati anayeamua ugomvi wa mteja na kampuni bila kwenda mahakamani.

Wakati huo huo angalia muda. Mwisho wa kukata rufaa mara nyingi umeandikwa kwenye barua yenyewe au kwenye mkataba, na unatofautiana sana. Kwa bima za kupitia mwajiri kule Marekani unatakiwa kupewa angalau siku 60, Uingereza ukishapata jibu la mwisho la kampuni una miezi 6 kwenda kwa msuluhishi wa masuala ya fedha, India ni mwaka 1 kwenda kwa msuluhishi wa bima. Bahasha usiitupe, tarehe ya kupokea iandike.

Na kitu kingine, wakikutumia hundi ya kurudisha premiamu (ada za bima) alizolipa marehemu, usikimbilie benki. Kuna sehemu ukiiweka tu wanasema umekubali bima ifutwe. Itunze kwanza nyumbani bila kuipeleka benki, waandikie kwamba umeipokea bila kukubaliana na uamuzi, alafu uliza ushauri.

Tarehe zinaweza kumaliza mchezo mapema

Kabla hujazama kwenye mambo ya ugonjwa, chukua tarehe bima ilipoanza na tarehe ya kifo uziweke pamoja. Nchi nyingi zina kipindi ambacho kampuni inaruhusiwa kuuhoji mkataba, kikipita mlango unafungwa, au unabaki wazi kidogo tu kwa udanganyifu wa makusudi. Marekani kwa majimbo karibu yote ni miaka 2. Kanada miaka 2 pia, ila udanganyifu wa makusudi haufungwi na huo muda. Australia ni miaka 3, na wao vilevile wameacha nje udanganyifu. India wameenda mbali zaidi, tangu sheria yao ilivyorekebishwa 2015 miaka 3 ikipita bima ya maisha haihojiwi kwa sababu yoyote ile, hata ya udanganyifu. Uingereza hawana ukomo wa namna hiyo, wao wanategemea sheria yao ya 2012 ambayo nitairudia chini.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni bima iliyokatika kwa kutolipiwa ikafufuliwa, maana kuifufua mara nyingi kunaanzisha saa upya, angalau kwa yale aliyoyajibu kwenye fomu ya kufufua. Kwa hiyo usihesabu kutoka mwanzo kabisa ukafurahi, cheki historia ya malipo. Wa pili ni wale wanaoshauriana "tusubiri miaka 2 ipite ndo tupeleke madai". Haisaidii. Mikataba mingi ya Marekani inasema bima iwe imekaa huo muda aliyekatiwa akiwa hai, kwa hiyo kifo kikitokea ndani ya kipindi, kuchelewesha karatasi hakubadilishi kitu, mnapoteza muda wenu tu.

Kama ugomvi ni wa umri, yaani fomu inasema 41 na cheti kinasema 44, hapo mara nyingi mkataba una kipengele chake, malipo yanapunguzwa hadi kiasi ambacho premiamu ile ingenunua kwa umri wa kweli. Bima haifutwi. Wakitaka kuifuta yote kwa sababu ya umri, waonyeshe kipengele hicho hicho.

Soma swali kabla ya jibu

Hapa ndo pa kukaa sana, na ndo pa kushindia kesi. Watu wanakimbilia jibu, "kweli aliandika hapana", wakati tatizo liko kwenye swali. Chukua mfano swali la namna hii: "Je, katika miaka 5 iliyopita umewahi kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa moyo, presha ya kupanda, au kupata matibabu ya hali hizo?" Lisome polepole kwa kidole. Miaka 5 kuhesabu kutoka siku anasaini, kwa hiyo kama alitibiwa miaka 6 kabla, "hapana" ni jibu la kweli. Kuambiwa na daktari, kwa hiyo maumivu ya kifua aliyomlalamikia mkewe hayamo. Una ugonjwa, kwa hiyo kupimwa presha siku moja ikakutwa juu, akaambiwa apumzike arudi baada ya wiki, akarudi ikawa sawa, hiyo sio kuambiwa una ugonjwa. Kampuni itachukua ile namba moja ya siku ile iliyoandikwa kwenye kadi iifanye "historia ya presha". Usiwaachie.

Alafu linganisha na alichokijua yeye. Daktari anaandika vitu kwenye faili ambavyo mgonjwa haambiwi kabisa: alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa, "inahisiwa", "kuondoa uwezekano wa". Huyo daktari alikuwa anajiandikia mwenyewe. Majibu ya kipimo nayo yanaweza kuwa yametoka siku 10 baada ya fomu kusainiwa (hapa uwe makini, fomu nyingi zinamtaka mwombaji atoe taarifa kama afya imebadilika kabla bima haijaanza, tafuta kama sentensi hiyo ipo). Pia tafuta maneno "kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu" pale juu ya sahihi. Yakiwepo yanakusaidia sana, maana fomu yenyewe ilimuuliza anachokiamini, na mtu hawezi kuwa amedanganya kuhusu kitu asichokijua.

Rekodi zenyewe usiziogope. Zina makosa kibao. Majina yanafanana, namba za faili zinaingiliana, au ndugu aliyemkimbiza mgonjwa usiku akaulizwa "anakunywa pombe?" akasema "ndiyo sana" na hiyo ikawa imeandikwa kama maneno ya mgonjwa mwenyewe na sasa inatumika kusema alificha ulevi. Pitia ukurasa kwa ukurasa, na kila mstari walioutaja kwenye barua yao tafuta nani aliusema, lini, na kama mgonjwa mwenyewe alikuwa na fahamu.

Na swali likiwa na utata? "Umewahi kuwa na ugonjwa wowote mkubwa?" Mkubwa kwa kipimo cha nani? Sheria za mikataba sehemu nyingi zinasema utata unasomwa dhidi ya aliyeandika karatasi, na aliyeiandika ni kampuni. Pakiachwa wazi bila jibu nako kuna hoja, walipokea fomu yenye pengo, hawakuuliza, wakachukua hela. Wangetaka kujua wangeuliza siku ile.

Nani aliyeshika kalamu

Kila mtu anayejua hii biashara anajua fomu nyingi zinajazwa na ajenti. Anauliza haraka haraka, anaruka mengine, mtu anasema "nilikuwa na sukari kidogo lakini ilishuka", ajenti anasema hiyo sio kitu, anatiki hapana, "saini hapa chini". Ajenti analipwa kamisheni bima ikipita, swali gumu linamchelewesha. Angalia fomu: mwandiko wa majibu na wa sahihi unafanana? Tiki zote za "hapana" zimeshuka mstari mmoja kama zimepigwa kwa sekunde 10? Nani mwingine alikuwepo chumbani? Mke au mume aliyekuwa amekaa pale akasikia, aandike maelezo yake mapema akiwa bado anakumbuka, na kama sheria ya kwenu inataka kiapo, aape. Na simu ya marehemu msiifute wala msimpe mtu. Meseji zake na ajenti za WhatsApp zinaweza kuwa ndo ushahidi mzuri kuliko wote.

Hoja ya kisheria ni kwamba ajenti wa kampuni akijua, kampuni imejua. Sehemu nyingi inakubalika, lakini sio zote na sio kirahisi, kwa sababu watakujibu kwamba marehemu alisaini na chini imeandikwa "nimesoma na kuthibitisha majibu haya", na mahakama nyingine zinaishika sana hiyo sahihi. Alafu kuna tofauti ya ajenti na broka. Broka kwa kawaida anahesabika ni mtu wa mteja, kwa hiyo makosa yake yanaweza kukurudia wewe (ila hapo unaweza kumgeukia yeye mwenyewe). Uliza alikuwa nani, kwa maandishi.

Na usisahau kampuni yenyewe ilikuwa inajua nini. Kama walimpeleka kwa daktari wao akapimwa presha, damu na mkojo, majibu wanayo wao. Marekani kampuni zina chombo chao cha kubadilishana taarifa za afya za waombaji, MIB, kipo tangu 1902, na siku hizi wanavuta hadi historia ya dawa za famasi kabla ya kutoa bima. Kama dawa ya presha ilionekana kwenye hizo taarifa wakatoa bima hivyo hivyo, watasemaje leo wamedanganywa? Hivyo hivyo kama waligundua jambo, wakaendelea kukata premiamu miezi kadhaa mbele. Tafuta tarehe mbili: waliyojua, na ya premiamu ya mwisho waliyopokea.

Wangejua, wangefanyaje

Uongo usiokuwa na uzito haufuti bima. Kampuni inatakiwa ionyeshe kwamba ingejua, isingekata bima hiyo au ingeikata kwa masharti mengine. Ndo maana tumeomba mwongozo wa andaraita. Kama mwongozo unasema presha inayodhibitiwa na dawa inapita kwa bei ile ile, hoja yao imekwisha. Kama inapita kwa bei ya juu, basi ugomvi uwe ni wa hesabu.

Uingereza, kwa ile sheria ya 2012 ya bima za watu binafsi, hiyo hesabu imeandikwa kabisa. Kosa la kizembe linatenganishwa na la makusudi au la kutojali, na kampuni ndo inayotakiwa kuthibitisha kwamba lilikuwa la makusudi. Likiwa la uzembe tu na wangekata bima kwa bei ya juu, malipo yanapunguzwa kwa uwiano: alilipa 60 wakati alitakiwa alipe 100, wanufaika wanapata asilimia 60 ya bima. Akiwa amejibu kwa uangalifu wa kawaida lakini akakosea, wanalipa yote. Hata kama uko nchi isiyo na sheria hiyo, ipeleke kama pendekezo la suluhu, ni ngumu mtu kuikataa bila kuonekana mkorofi.

Sasa kuna hoja ambayo kila familia inaanza nayo: "alificha kisukari sawa, lakini kafa kwa ajali ya gari, inahusiana nini?" Inauma lakini sehemu nyingi haiwaokoi, kwa sababu kinachoangaliwa ni uamuzi wa kampuni siku ya kukata bima, sababu ya kifo haimo. Missouri na Kansas ni miongoni mwa majimbo machache ya Marekani ambako jambo lililofichwa lazima liwe limechangia kifo. Cheki sheria ya kwenu kabla ya kuiweka kama hoja kuu, kama haipo iweke mwisho mwisho huko.

Kampuni zitakuimbia pia wimbo wa "nia njema kabisa", kwamba mwombaji alitakiwa aseme kila kitu hata asichoulizwa. Msingi wake ni kesi ya Carter na Boehm ya London, 1766, na kinachochekesha ni kwamba kwenye kesi hiyo hiyo jaji, Lord Mansfield, alimpa ushindi aliyekatiwa bima, kampuni... yaani mtoa bima, alishindwa, maana mambo aliyodai kufichwa alikuwa na uwezo wa kuyajua mwenyewe. Na kwa mtu binafsi Uingereza sheria ya 2012 iliondoa mzigo wa kujitolea kusema, unajibu ulichoulizwa.

Rufaa yenyewe

Iandike fupi. Kurasa 3 zinatosha, viambatisho viwe vingi upendavyo. Anza na swali lao namba fulani ulinukuu neno kwa neno, weka jibu, weka kile rekodi inachosema kwa tarehe na ukurasa, alafu onyesha havigongani au vinagongana kidogo kiasi gani. Hoja yako yenye nguvu itangulie. Usiweke kila kitu kilichokuja kichwani, hoja 2 nzito zikichanganywa na 9 nyepesi watajibu zile nyepesi. Huruma usiitumie, mtu anayesoma anasoma barua za misiba kutwa nzima. Ambatisha barua ya daktari aliyemtibu inayosema alimwambia nini mgonjwa na lini, na maelezo ya waliokuwepo fomu ikijazwa. Malizia kwa kudai kitu kinachoeleweka: bima yote, kama sivyo malipo ya uwiano, na jibu la maandishi. Tuma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa.

Wakikataa tena, nenda kwa msuluhishi wa bima kama yupo, au kwa mdhibiti, yaani ofisi inayosimamia kampuni za bima. Uingereza na India mlalamikaji halipi kitu kwa msuluhishi. Wakili mtafute mapema kama neno "udanganyifu" limeandikwa kwenye barua yao au kama pesa ni kubwa, na umuulize moja kwa moja kama anachukua asilimia ya kitakachopatikana au anataka hela mbele. Muda wa kufungua kesi mahakamani unaweza kuwa unakimbia wakati unasubiri rufaa, hilo nalo muulize.

Na kama kweli alidanganya, alikuwa anaenda kliniki kila mwezi anachukua dawa na akaandika hapana? Hapo usipoteze mwaka mzima kugombania bima yote. Msimfuate daktari abadilishe faili, hilo linaweza kuwafanya nyie wenyewe mshtakiwe. Cheki tarehe kwanza, maana kipindi kikiwa kimepita bado unaweza kushinda. La sivyo dai premiamu zirudi. India kwa mfano, wakifuta bima kwa taarifa isiyo sahihi bila udanganyifu wanatakiwa warudishe ndani ya siku 90. Uingereza kwa kosa la makusudi wanaweza kuzishikilia, na ndo maana hata pale kugombania kosa liitwe uzembe kuna maana.

Mara nyingi kabla ya mahakama watakupigia na ofa. Usikubali kwenye simu, omba iandikwe. Piga hesabu ya uwiano uone ofa iko juu au chini yake. Na karatasi ya kusaini ikija, tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho", kwa sababu ukisaini hapo husemi tena. Kama wanufaika mko 3, sahihi yako isimfunge mwenzio asiyekubali. Na iandikwe pesa inaingia tarehe gani na riba ni kiasi gani ikichelewa.